Makosa Yasiyofutika



Katika ofisi ya shule yetu mna kompyuta moja ya zamani, tuliyoipata kwa hisani ya marafiki. Humo tumeandika majina na alama za wanafunzi wa miaka 6, pamoja na anwani za wazazi wao. Mwaka jana kijana anayetusaidia kuitunza alituambia: « Baba Mwalimu, mashine hii inaweza kwenda mbio kuliko hivi. Kuna ulinzi unaoichelewesha. Mkiniruhusu, nitauzima. »

Tulimwomba kwanza atueleze ulinzi huo unalinda nini. Akatufungulia faili moja ya mfumo wa Linux, nasi tukasoma humo mstari unaotaja, bila kuficha, makosa ya prosesa yenyewe: Meltdown, Spectre, na mengineyo.

Tulistaajabu. Sisi tuliofundishwa ualimu wakati wa chaki tulidhani kwamba programu ndiyo hukosea, kwa sababu imeandikwa na mtu, lakini chuma hakikosei. Kumbe chuma nacho kimeandikwa na mtu, na kikisha kuuzwa hakiandikwi upya.

Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hesabu huko Virginia, Marekani, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel hukosea kugawanya. Ukigawanya 4195835 kwa 3145727, jibu ni 1,33382; Pentium ilitoa 1,33374. Katika jedwali lililochongwa ndani yake, nafasi 5 zilikosa tarakimu zake. Intel ilikubali kuwabadilishia wateja, na hasara ikafika dola milioni 475.

Mwaka 1997 likaja kosa jingine, liitwalo F00F. Amri moja isiyo halali, hata ikitoka kwa mtumiaji asiye na cheo chochote, iligandisha kompyuta nzima. Safari hii dawa ilitoka katika kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Prosesa ikikuta amri isiyo halali hutazama katika jedwali fulani la kumbukumbu ili ijue la kufanya. Na ni katika kutazama huko ndipo ilipogandia. Waandishi wa Linux waliuweka ukurasa wa jedwali hilo katika hali ya kutoandikika. Prosesa ikifika hapo hukwaa hitilafu nyingine, isiyogandisha kitu. Kerneli hupokea hitilafu hiyo, hutazama imetokea mahali gani pa jedwali, hutambua hila, na kuishughulikia amri ile kama amri mbovu ya kawaida. Tulimwomba kijana aturudilie maelezo hayo mara tatu, na mara ya tatu tulicheka kwa furaha.

Meltdown, iliyotangazwa Januari 2018, ni ya namna nyingine. Ili iende mbio, prosesa hutekeleza amri kabla ya zamu yake. Na ile yenye kosa hili huweza kusoma kumbukumbu ya siri ya kerneli kabla ya kuhakikisha kwamba anayeomba ana ruhusa. Ikiona hana, hufuta matokeo. Lakini kila aliyefuta ubao kwa kitambaa kikavu anajua kwamba mwanafunzi aliyeketi pembeni, jua likiingia dirishani, bado huyasoma maneno. Vivyo hivyo alama hubaki katika kumbukumbu ndogo ya haraka, naye mwizi, kwa kupima muda tu, hukisia kilichosomwa.

Kerneli ikalazimika kujificha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, walikuwa wamekwisha kuandaa njia mwaka 2017. Zamani kurasa za kerneli zilikaa katika ramani moja na za programu ya kawaida, zikiwa zimefungwa tu; sasa programu hupewa ramani ambayo karibu zote hazimo. Lakini kila programu inapoomba huduma, hata kusoma faili tu, ramani hubadilishwa, na wakati wa kurudi hubadilishwa tena. Spectre ina dawa zake nyingine, zilizotawanyika mahali pengi.

Kijana hakusema uongo. Linux inaruhusu ulinzi huo uzimwe, na kwa mashine isiyopokea programu za wageni hatari ni ndogo. Nasi tulivutwa: mwisho wa muhula walimu hupanga foleni, na umeme hukatika bila taarifa. Lakini mashine yetu hutumiwa na watu wengi. Walimu huleta programu wasizojua zilikotoka, na Jumamosi huunganishwa na intaneti. Majina yale wazazi walituachia wakidhani yamefungiwa kabatini.

« Mwanangu, uuache, » tulimwambia. Hakufurahi.

Hadi leo faili ya alama hufunguka polepole, ingawa huenda uzee wa mashine unachangia kuliko ulinzi. Mwalimu wa zamu huibonyeza, hutoka kwenda kupiga kengele, na akirudi huikuta wazi.