Gia zilipogoma Runazi

Msomaji wangu wa kila wiki, safari hii sikupeleki ufukweni wala kwenye kumbi za dansi. Leo tunakwenda Runazi, wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera, kwenye migomba na mihogo, ambako ukiuliza usiku wa manane nani ana gari, watu wanakuelekeza kwa mjomba wangu.

Kufika kwenyewe siku hizi si kazi. Tangu Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, basi kutoka Mwanza linapita juu ya ziwa kilomita 3 kama linateleza, wala husubiri tena kivuko huku jua likikukaanga. Baada ya hapo ni Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, halafu mapori. Mapori ya Biharamulo bwana wee, usipime! Watu wazima bado wanasimulia enzi zile mabasi yalipokuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Mambo yametulia siku nyingi, lakini gari kuzimika njiani huko bado hakuna anayelichekea.

Mjomba alinipokea Biharamulo mjini na Toyota Corolla yake, ile wanayoiita 110, ya mwaka 1998, yenye gia zinazojibadilisha zenyewe, au "auto" kama tunavyosema mtaani. Hata kabla hatujaondoka nikajua hapa kuna jambo. Akaweka D, gari likatulia kama linafikiri, sekunde mbili, tatu, halafu tuu! likaturusha mbele. Mlimani ndiyo usiseme. Injini inapiga kelele kama trekta, gari lenyewe linatambaa. Bodaboda aliyebeba mikungu mitatu ya ndizi akatupita na kutupungia mkono. Mjomba kimya. Rivasi ilikuwa imekufa kabisa, kwa hiyo nyumbani gari linaegeshwa pua ikitazama barabara.

Sasa kasheshe. Dalali mmoja alikuwa ameshafika bei, shilingi 2,500,000, kama lilivyo. Binamu yangu akashikilia hapo hapo: "Mzee, uza! Ongeza kidogo ununue pikipiki, ipige boda." Mimi nikataja gari jingine kutoka Japani. Mjomba akacheka tu. Kenya hawapokei kabisa gari la mtumba lililozidi miaka 8. Sisi tunapokea, ila umri unalipiwa ushuru wa uchakavu, na jipya zaidi bei yake ni ya watu wengine.

Aliyetuzima wote ni mke wa mjomba, ambaye mimi namwita mama. Wiki moja kabla sijafika, saa nane ya usiku, mvua inanyesha, mama mmoja jirani alishikwa na uchungu. Mjomba alimpeleka hospitali mjini bila kuthubutu kusimama popote, maana akisimama hana hakika kama D itashika tena. "Huyo ungempakia kwenye pikipiki?" akamuuliza mwanawe. Binamu akaangalia chini.

Unaona ugumu wake? Kwa dalali, Corolla hiyo ni chuma cha zamani. Pale Runazi ndiyo gari la wagonjwa la majirani, ingawa halina king'ora.

Kesho yake tukalikokota taratibu hadi kwa fundi, kijana wa maneno machache. Aliacha injini inaunguruma, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akafuta, akachovya tena. Oili hiyo ikiwa nzima huwa nyekundu kama sharubati ya rozela. Yetu ilikuwa nyeusi, inanuka kama maharage yaliyosahauliwa jikoni. Kuna watu hapo wangekwambia mwaga, weka mpya, tembea. Fundi akasema ngoja. Kama oili ingekuwa imepungua kwa sababu sili inavuja, unaziba, unajaza, na huenda gari likapona kwa pesa ya mboga. Lakini kipimo kilikuwa kimejaa. Akafungua sampu. Ndani kuna sumaku ndogo za kunasa chuma; unga laini wa kijivu ni kawaida, ni kulika kwa umri. Sisi tulikuta vipande vya kushikika kwa kucha, na tope jeusi la pleti za ndani zilizokwisha.

"Mzee, oili mpya hairudishi kilicholika," akasema.

Kuifungua na kuijenga upya akakataa mwenyewe, akasema hana vifaa. Nilimpenda kwa hilo, maana wapo wanaofungua kwanza ndipo wanajifunza. Tukapiga simu Mwanza: giaboksi ya auto ya mtumba shilingi 700,000, dhamana siku saba. Siku saba! Na hujui huko Japani ilikokotwa na nani.

Ndipo fundi akatoa la tatu. Corolla 110 zilitengenezwa pia zenye gia za mkono, kwa hiyo vifaa vyake vinaingia: giaboksi, klachi, flaiwili, pedeli, kebo. Fundi umeme anaunganisha zile nyaya za swichi ya P na N, la sivyo stata haipigi. Vyote vya mtumba 600,000, ufundi 200,000. Nikapiga hesabu, ni laki moja zaidi ya ile giaboksi peke yake, kabla hujalipa hata ufundi wa kuifunga.

Mimi kijana wa mjini nikaguna. Nani leo anarudi kwenye klachi? Lakini mjomba macho yakang'aa. "Mpwa wangu, betri ikilala usiku, hii auto utaisukuma?" Haisukumiki. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini, na injini ikiwa imelala hakuna kinachoshika hata msukume kijiji kizima. Ya mkono unawasha swichi, unaweka gia ya pili, vijana wanne wanasukuma, unaachia klachi, imewaka. Runazi vijana wanne wapo saa yoyote, fundi umeme saa nane ya usiku hayupo.

Dalali akaambiwa asante. Pesa ikatoka kwenye mahindi, mimi nikachangia malipo ya makala mbili (mhariri, unasikia?), na siku ya nne gari likatoka gereji. Rivasi ilishika mara ya kwanza. Mjomba akarudi nyuma mita kumi bila sababu yoyote, akaenda mbele, akarudi tena.

Binamu yangu alijifunzia auto. Alizima gari mara sita kabla ya kufika barabarani, mjomba pembeni yake, mkono kwenye handibreki.