Mti Uchanuao Katika Baridi

Katika mji wa Boston, ulioko kaskazini mashariki mwa Marekani, kuna barabara pana iitwayo Commonwealth Avenue. Nyumba zake ndefu zimeshikamana, na mbele ya nyingi pana bustani ndogo. Mwezi wa Aprili, miti mingi ingali mitupu kama fito, upande upatao jua hujaa maua makubwa kama vikombe vya chai, meupe na ya waridi. Hayo ni maua ya magnolia, miti ambayo wakazi wa mtaa ule waliipanda kwa wingi katika miaka ya 1960.

Mtu wa Nairobi huona jambo la namna hiyo mwezi wa Oktoba, mijakaranda inapochanua karibu bila jani. Lakini jakaranda ya Nairobi haina cha kuogopa. Tumba za magnolia, zilizovikwa manyoya laini kama ya paka, hustahimili theluji miezi mingi. Zikisha kufunguka, sakitu ya usiku mmoja yatosha kuziharibu. Asubuhi bustani iliyokuwa nyeupe huwa na rangi ya tumbaku, na mwenyewe hana budi kungoja mwaka mzima. Mkulima wa chai wa Limuru hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo watunza bustani wa nchi za baridi hupenda jamaa za magnolia ya nyota, mti mfupi wenye asili ya Japani, ambao huweza kuishi katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Katika bustani ya miti ya Arnold Arboretum, mjini Boston humo humo, Karl Sax aliotesha mbegu mwaka 1939 kutokana na mchanganyiko wa mti huo na jamaa yake mrefu aitwaye kobus. Mche mmoja ulichanua baada ya miaka mitano, jambo la kustaajabisha, maana kobus aliyeoteshwa kwa mbegu aweza kumzeesha aliyempanda kabla ya kutoa ua. Mti huo uliitwa Merrill, kwa heshima ya aliyekuwa mkuu wa bustani hiyo.

Je, upandwe wapi? Huko jua hupita upande wa kusini, na ukuta uelekeao kusini hupata joto mapema. Mti uliopandwa hapo hudanganyika, ukafungua tumba kabla ya sakitu kwisha. Ndiyo maana wengi hushauri mahali penye ubaridi kidogo, ili mti uchelewe kuamka. Wenyeji wa Commonwealth Avenue wao walichagua jua pamoja na hatari yake, na ni vigumu kuwalaumu.

Mizizi yake ni minene, laini, nayo hukaa juu juu. Jembe lisifike karibu. Heri kutandaza majani makavu shinani. Kupogoa ni mara tu baada ya maua kuanguka, kwa kuwa tumba za mwaka ujao hufanyika wakati wa joto, na apogoaye baadaye hukata maua yake mwenyewe.

Jioni za Aprili, sakitu ikitangazwa redioni, mwenye mti mchanga hutoka na shuka ya kitandani kuufunika. Jirani yake, ambaye mti wake umekwisha kulipita paa, hutazama tu.