Aliyenivuta Mguu

Mimi ni mtoto wa Kalemie, nimelelewa ukingoni mwa Ziwa Tanganika. Kwetu, kitu kikikushika mguu ndani ya maji, huulizi ni nani: ni mamba. Hofu hiyo sikuiacha nyumbani nilipohamia Uingereza.

Mwezi wa kumi mwaka 2019, rafiki alinichukua kuzamia penye visiwa vya Farne, upande wa kaskazini-mashariki wa nchi ile. Ndiko alikofia Mtakatifu Cuthbert, mwaka 687. Tulivaa mavazi mazito ya mpira, mitungi ya hewa mgongoni, na mapezi ya mpira miguuni kama nyayo za bata. Lakini baridi ile! Midomo iliniuma kama imechomwa sindano, na vidole vikafa ganzi.

Tulishuka meta 10, katikati ya mwani mrefu. Ghafula mguu wangu wa kushoto ukavutwa nyuma. Nikapiga mateke. Ukavutwa tena! Basi akili zikaniruka. Nilitaka jambo moja tu, kupanda juu upesi, pumzi nimeifunga kifuani. Mnajua hatari yake? Hewa unayovuta kwenye meta 10 imebanwa na maji. Ukifika juu inatanuka mara mbili, na mapafu yaliyofungwa hupasuka. Watu wamekufa hivyo, hata katika maji ya kina kifupi kuliko kile.

Rafiki yangu alinikamata mkanda, akanikazia macho, akaonyesha kwa mkono: pumua. Nikapumua. Kisha akaelekeza kidole nyuma yangu. Kumbe, sili! Ni mnyama wa bahari mwenye manyoya, anapumua hewa na kunyonyesha wana wake. Dume lililokomaa hupita kilo 200. Huyu alikuwa kijana bado, macho meusi makubwa, ameng'ang'ania pezi langu mdomoni kama mtoto wa mbwa na kiatu. Nilipomtazama aliliachia, akageuka tumbo juu, akanizunguka mara mbili pasipo haraka. Sikumgusa, maana akikuuma kidole huvimba vibaya. Halafu akarudi, akaanza pezi la kulia.

Jioni nilimpigia mama simu, nikamweleza yote, hata ule upumbavu wangu wa kutaka kupanda. Alinyamaza kidogo. Ndipo akauliza, “Mwanangu, na nyama yake inaliwa?”