Ndiyo Mwalimu

Napenda kuwasimulia jinsi wimbo wa dhihaka ulivyonifundisha mimi mwalimu, nami nilidhani umetungwa kuwafundisha wengine.

Katika mwaka 2001 Joseph Haule, ajulikanaye kwa jina la Professor Jay, alitoa mkusanyo wa nyimbo zake uitwao "Machozi, Jasho na Damu." Ndani yake umo wimbo "Ndiyo Mzee." Humo mwimbaji hughani kama mtu aombaye kura. Huahidi mambo makubwa yasiyowezekana, na kila awaulizapo watu, wote huitikia, "Ndiyo mzee!" Kaseti ilipotufikia huku Mgeta tulicheka sana, maana utani twaujua: mtani hukwambia kweli mbele za watu, wala huna ruhusa ya kukasirika.

Wakati ule nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wangu vitabu vya hadithi. Nilisema, "Nikishuka Morogoro kuuza kabichi zangu, nitavileta." Nikashuka mara tatu, nikarudi na sukari, na mabati, na viatu vyangu, kitabu hata kimoja sikuleta.

Siku moja, saa ya mapumziko, nikasikia kicheko nyuma ya darasa. Nikachungulia. Mtoto mmoja amesimama juu ya jiwe, ameweka mikono mgongoni kama nifanyavyo mimi, anasema, "Nitaleta vitabu, hata mbuzi wenu watajua kusoma!" Wenzake wakaitikia, "Ndiyo mwalimu!" Hasira ikanipanda, nikashika fimbo. Lakini mkono ukalegea, kwa kuwa katika maneno yake sikuona uongo ila ile habari ya mbuzi.

Juma lililofuata nikanunua vitabu vinne. Watoto walikuwa arobaini. Wakavisoma kwa zamu mpaka majalada yakachakaa.

Mwaka 2015 Bwana Haule mwenyewe aliomba kura, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, katika mkoa wetu huu wa Morogoro, akakaa bungeni hata mwaka 2020. Nikawaza moyoni: sasa naye amepanda juu ya lile jiwe, na wimbo wake mwenyewe unamngoja chini.

Lakini wimbo ule hauwacheki waahidio peke yao. Wawacheka pia waitikao "ndiyo" pasipo kuuliza "lini?" Kwa hiyo kila niahidipo jambo darasani, huwataka wanafunzi waniulize, "Lini, mwalimu?" Swali hilo hunitia haya, lakini hunifikisha dukani.