Shafti na Kona za Kamembe

Atokaye Huye kwenda Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi, eneo lililoitwa Mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, hana budi kuvuka msitu wa Nyungwe. Barabara ni ya lami, lakini hupanda hadi karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kwa kona nyingi, ikipita mashamba ya chai ya Gisakura, mpaka Ziwa Kivu lililo kwenye mita 1,460. Ng'ambo ya Mto Rusizi huonekana Bukavu.

Pikipiki nyingi zibebazo abiria huko huendeshwa kwa mnyororo. Lakini ziko pikipiki kubwa, ambazo katika nchi nyingi hutumiwa na askari wa doria, zenye shafti. Mtindo huo si mgeni: kampuni ya BMW ya Ujerumani iliutumia katika R 32 mwaka 1923. Shafti hukaa ndani ya bomba lililofungwa na gia zake huoga katika oili. Hivyo tope haliifikii, wala haidai kukazwa mara kwa mara.

Hata hivyo, kila chombo kina tabia yake. Dereva anapoongeza moto, gia ndogo iliyo mwisho wa shafti hutaka kuipanda gia kubwa ya gurudumu, na sehemu ya nyuma ya pikipiki huinuka. Anapopunguza moto ghafula, nyuma hushuka. Katika njia iliyonyooka jambo hili halina madhara. Katikati ya kona ya mteremko, pikipiki ikiwa imelala, kushuka huko huweza kuvikwaruzisha vikanyagio barabarani na kumtoa dereva katika njia yake, mbele ya lori linalopanda.

Mwaka 1987 BMW ilitoa mkono wa nyuma wenye viungo viwili, ulioitwa Paralever, ukapunguza sana tabia hiyo. Pikipiki za zamani bado zinayo.

Basi dereva mwema hufunga breki kabla ya kona, huchagua gia mapema, kisha huingia akishika moto kwa utulivu na kuuongeza taratibu atokapo. Asiuachie ghafula kwa hofu. Kamembe haihami, na nyumbani wapo wanaomngoja. Mwenda pole hajikwai.