Maziwa Hayaendi Hasi

Mapema 2020 walimu wengi wasio wenyeji waliondoka Garissa, Wajir na Mandera. Januari 13 wavamizi walikuwa wameua walimu watatu pale Kamuthe, na TSC ikaanza kuwahamisha wenzao. Siwalaumu. Wewe ungebaki? Lakini hesabu za kidato cha pili hazikuhama nao. Zilibaki kitabuni, sura ya vipeo, bila mtu wa kuzifungua.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, niko nyumbani Bulla Iftin naandikia watu makala za kulipwa. Binti wa jirani akaja na daftari. "Mwalimu," akaniita, ingawa si mwalimu wa mtu, "2 kwa kipeo hasi 3 si ni hasi 8?"

Hilo ni swali la mtu anayefikiria, bana. Kila mahali alama ya kutoa inanuka deni. Kwa nini hapa iwe tofauti? Daftari lake lilisema tu: geuza, peleka chini. Amri bila sababu. Naichukia sana njia hiyo.

Mama yake huuza maziwa ya ngamia, tukaanzia hapo. Lita 8 ni 2 kwa kipeo cha 3. Gawa nusu: 4, kipeo cha 2. Gawa: 2, kipeo cha 1. Gawa: lita 1, kipeo sifuri. (Hapa alibisha, ati ingekuwa sifuri. Angalia mtungi, nikamwambia.) Gawa tena: nusu lita, kipeo hasi 1. Robo, hasi 2. Thumuni, hasi 3.

"Sasa maziwa hasi yako wapi?"

Akacheka. Hakuna. Yanapungua tu, kilichovuka sifuri ni kipeo.

Tukaingia kwa lile lililomsumbua: 2x⁻³y² gawa kwa 4xy⁻¹. Kwa x, hasi 3 toa 1 ni hasi 4, basi x⁴ inakaa chini. Kwa y, 2 toa hasi 1 ni 3, inabaki juu. 2 kwa 4 ni nusu. Jibu: y³/(2x⁴).

"Na hii x⁴ ikishuka, mbona 2 haipandi?"

Kwa sababu kipeo chake si hasi. Akaandika hilo kwa kalamu nyekundu.

Kesho yake alirudi na wenzake wanne. Mkeka haukutosha. Swali la kwanza lilikuwa la logi, ambazo sijazigusa tangu sekondari, kwa hivyo nikawasha data.