Kilo 61 na resori ya gunia

Leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya bunga. Ninaleta habari ya pikipiki, kwa sababu wengi wenu mnaipanda kila siku, na kuna familia zilizokimbilia hapa Lubumbashi kwa sababu ya vita ambazo zinakula kupitia pikipiki moja tu. Yetu ni mojawapo.

Niliinunua, ya 125, kwa manseba mmoja aliyekuwa anabebea makala. Alikuwa ametoa resori za nyuma zilizotoka kiwandani, akaweka nyingine nene. Nilipouliza, fundi wa jirani alinijibu: "Yaya, ngumu njo nguvu. Hutavunja kitu." Nikafurahi. Sikuuliza swali ambalo mwandishi wa habari anapaswa kuuliza: nguvu kwa faida ya nani?

Mimi nina kilo 61. Pamoja na begi la kazi na koti la mvua nafika 65. Kwa miezi mitatu mgongo uliniuma, nikadhani ni uzee unakuja mapema. Kisha siku moja ya kiangazi, nikienda kurekodi sauti za akina mama kwenye njia ya udongo nyuma ya Ruashi, nilikuta yale mawimbi madogo madogo ambayo magari huyachonga barabarani. Nikakanyaga breki. Gurudumu la nyuma lilikuwa linarukaruka juu ya udongo badala ya kuushika, likateleza pembeni. Nikaanguka. Mkono ulichubuka hadi kiwiko, chombo cha kurekodi kikapasuka, na sauti za wale mama hazikusikika redioni siku ile.

Fundi mwingine, mzee wa Katuba, ndiye aliyenifungua macho. Alishika kiti kwa mikono miwili akasukuma chini kwa uzito wake wote. Pikipiki ilishuka kidogo sana. Akasema: "Mwanangu, hii resori inangoja gunia. Wewe si gunia."

Alinieleza hivi. Gurudumu likikuta jiwe linapaswa kupanda, likikuta shimo linapaswa kushuka ndani yake, na wewe ubaki ulipo. Lakini haliwezi kushuka shimoni kama resori haijabonyea kidogo chini ya uzito wako. Kipimo ni hiki: ukikaa juu ya pikipiki, nyuma ishuke kati ya robo na theluthi ya safari yote ya gurudumu. Kama gurudumu lina safari ya milimita 90, basi ishuke kama milimita 23 hadi 30. Ya kwangu ilishuka 8.

Kupima kunahitaji watu watatu na mita ya fundi cherehani. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka juu yake, chini ya kiti. Kisha ishushe, panda na mzigo wako wa kawaida, miguu iwe mahali pake, mmoja aishike isianguke, mwingine apime tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu.

Tulinunua resori za kawaida zilizotumika, zote mbili za unene mmoja. Hapo mzee alinionya. Resori ya waya wa milimita 8 si ngumu kidogo tu kuliko ya milimita 7. Kama upana na idadi ya mizunguko ni sawa, inazidi kwa kama asilimia 70. Na mtu akikuambia akate mizunguko miwili ili pikipiki ishuke, kataa: resori iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu zaidi kwa wakati mmoja.

Pikipiki ikawa laini, mgongo ukapona. Ningeishia hapo, habari ingekuwa nzuri.

Lakini Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, dada yangu na mume wake walikimbia na watoto watatu. Walipita Uvira, wakapanda mashua hadi Kalemie, wakatufikia hapa na mabegi mawili. Shemeki alikuwa mwalimu. Hapa hakupata kazi, nikampa pikipiki afanye kazi ya manseba mchana, nami niitumie asubuhi. Sikumweleza lolote kuhusu resori. Mimi niliyeanguka, nilinyamaza.

Jioni moja alibeba mama mmoja na watoto wake wawili, pamoja na mfuko wa bunga wa kilo 25. Baadaye nilijumlisha: karibu kilo 190, na kitabu cha pikipiki kinaandika 130, dereva ndani yake. Nyuma ilikaa chini kabisa, kila shimo likawa pigo la chuma kwa chuma. Mbele ikawa nyepesi, usukani ukalegea, taa ikamulika majani ya miembe badala ya barabara. Shimo hakuliona. Mtoto mkubwa alivunjika mkono. Mama yule naye alikuwa amekimbia vita.

Usiku ule shemeki aliniuliza: "Nikimkataa, watoto wangu watakula nini? Na mwenzangu si atambeba vilevile?" Sikuwa na jibu la kumshinda. Mpaka leo sina.

Tulichofanya ni hiki. Kwenye amortisere za nyuma za TVS, Boxer na nyingine nyingi kuna pete yenye ngazi, inayoshikilia resori. Kuipandisha hakuigeuzi resori kuwa ngumu zaidi. Kunainua pikipiki ili uzito ulioongezeka usimalize safari yote ya gurudumu. Tulipima na mita, tukatia rangi: alama nyeupe, ngazi ya kwanza, ni yangu asubuhi. Alama nyekundu, ngazi ya mwisho, ni shemeki na abiria mmoja. Kwa watu watatu nyuma hakuna alama, kwa sababu hakuna ngazi.

Kila siku mchana anazungusha pete pande zote mbili sawasawa, kisha anasukuma kiti. Kikishuka na kurudi mara moja, amortisere ni nzima. Kikicheza mara tatu, au mafuta yakitoka kwenye fimbo, resori yoyote utakayonunua haitasaidia.

Juma lililopita alikataa abiria wenye magunia, mbele ya wenzake, wakamcheka. Alirudi na pesa pungufu, dada akapika bukari kidogo. Mtoto yule wa mkono ametolewa plasta. Anakuja kwetu kucheza, na anajua alama nyekundu ni ya nini.

Ndugu yangu manseba, kabla ya kununua resori nenda kwenye mizani ya wauza makala, upande mwenyewe. Jua kilo zako, halafu chagua.